Anapimwa akiwa mjamzito tu: wanawake wa vijijini Kigoma na kipimo cha VVU

Ukikaa na akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wowote wa Uvinza au Kigoma Vijijini, ukawauliza VVU vinaambukizwaje, hutapata jibu la kubahatisha. Watakutajia ngono zembe, wembe, damu, mama kumwambukiza mtoto. Watakuambia mbu hahusiki na sahani ya kulia pamoja haina neno. Sasa badilisha swali: mara ya mwisho umepima lini? Hapo mikono inapunguza kasi. Mmoja ataonyesha mtoto kwa kidole, kwamba ni alipokuwa na mimba ya huyu. Na "huyu" amevaa sare ya shule, yuko darasa la tatu.

Kwa kawaida pengo hili tunalieleza kwa neno moja, elimu. Vijijini hawana elimu, basi ipelekwe elimu. Kila tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, linasemwa hivyo, mabango yanapigwa chapa, spika zinafungwa kwenye gari. Mimi naona maelezo hayo yamechoka. Elimu ilishafika ikarudiwa. Mama huyu anapiga hesabu nyingine kabisa, na ukiifuata hesabu hiyo taratibu hutaiona ya kijinga.

Mkoa wenye namba ndogo

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Njombe ilikuwa juu kabisa, asilimia 12.7. Kigoma ilikuwa chini kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, asilimia 1.7.

Utafiti huohuo una hesabu nyingine isiyosemwa sana redioni. Kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, karibu 83 tu ndio waliokuwa wanajua hali yao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu akishajua, basi, mengine yanakwenda. Dawa zipo, watu wanazimeza, zinafanya kazi. Panapokwama ni mlangoni, kwenye kujua.

Namba ndogo ya Kigoma ina raha yake, na ina balaa lake ambalo si rahisi kuliona. Chukua kijiji chenye watu wazima 1,000. Kwa asilimia 1.7, wenye VVU ni 17 hivi, na baadhi yao hawajui. Njombe, kijiji cha ukubwa huohuo kina watu zaidi ya 120. Hakuna ukoo usio na mtu wake anayekwenda kuchukua dawa, na jambo lililo ndani ya kila ukoo ni gumu kulichekea hadharani. Kwa Kigoma anayejulikana anabaki na wenzake wachache, na kila mtu anawajua. Ugonjwa unaonekana ni wa watu wa mbali, wa mgodini, wa barabarani, wa kambi za uvuvi. Ukikupata wewe, wa Buhigwe, mwenye mume na shamba la maharage, swali la kwanza kijijini ni ulikuwa unakwenda wapi. Nadhani hii ndiyo sababu unyanyapaa unaweza kuwa mkali zaidi mahali penye maambukizi machache, ingawa mipango yetu inapangwa kana kwamba namba ikishuka na aibu inashuka nayo.

Kwenye benchi la kiliniki

Mama wa kijijini mara nyingi anaanza kiliniki mimba ikiwa na miezi minne au zaidi. Siku hiyo anapimwa uzito, presha, mkojo, wingi wa damu, malaria, kaswende na VVU, vyote asubuhi moja, akiwa kwenye foleni na wenzake anaowajua kwa majina na kwa mashamba. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inataka mjamzito, pamoja na mwanaume aliyempa mimba, wapewe ushauri nasaha na wapewe nafasi ya kupima kwa hiari. Kumpima mtu kwa lazima imekataza, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja.

Kwenye karatasi, basi, ni hiari. Kwenye benchi, nesi anasema leo tunapima damu, na foleni inasogea. Kukataa kunawezekana, ila anayekataa anaonekana, na atakayeonekana amekataa ameshajibu swali ambalo hajaulizwa. Wengi hawakubali wala hawakatai, wananyoosha kidole tu.

Siulaumu utaratibu huu kwa kuwa matunda yake ni watoto. Pasipo dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye VVU, kuanzia 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo inashuka chini ya watano. Tangu 2013 mjamzito anayekutwa na VVU Tanzania anaanzishiwa dawa za maisha yote bila kusubiri CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ishuke, na tangu 2016 ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko hofu yake. Nesi anafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, anachoma, anafuta tone la kwanza, anavuta kidogo la pili, analidondoshea kwenye kibao cha plastiki na kuongeza matone ya maji maalumu. Halafu inatazamwa saa, dakika 15 hadi 20 kwa vipimo vingi. Kuna mstari ambao lazima utokee kwa kila mtu. Huo unasema kipimo ni kizima, na usipotokea kinatupwa kinachukuliwa kingine. Mstari wa pili ukitokea, kipimo kimeona kingamwili, yaani vile mwili unavyotengeneza unapokutana na VVU. Virusi vyenyewe hakivioni. Kwa hiyo aliyeambukizwa wiki iliyopita hatatokewa na mstari huo, kwa kuwa mwili wake bado haujatengeneza chochote. Inaweza kuchukua hadi miezi mitatu. Na kwa sababu hiyohiyo kichanga hapimwi kwa kipimo hiki: kingamwili za mama hubaki kwenye damu ya mtoto hadi mwaka na nusu. Mtoto huchomwa kisigino akiwa na wiki nne hadi sita, damu inakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara inayotafuta virusi vyenyewe.

Hapa sasa Kigoma inatofautiana na Njombe kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Chukua wanawake 1,000. Kwa asilimia 1.7, wenye VVU ni 17. Tuseme kipimo cha kwanza kinakosea mara moja kwa kila watu 100 wasio na virusi, ambacho si kiwango kibaya. Wasio na VVU ni 983, kwa hiyo kumi hivi watatokewa na mstari wa pili bila kuwa na kitu. Waliotokewa na mstari ni 27 kwa jumla, na zaidi ya theluthi yao ni wazima. Kipimo kilekile kwenye maambukizi ya asilimia 12.7 kitawaonyesha 127 wenye virusi na tisa tu waliosingiziwa. Kosa ni lilelile, maana yake ndiyo inayobadilika kulingana na mahali ulipo.

Ndiyo maana mstari wa pili kwenye kipimo cha kwanza peke yake hauitwi majibu. Damu inapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Mama anayeitwa kuchomwa kidole mara ya pili, akamwona nesi amekaza uso, kwa kawaida ameshajizika moyoni kabla kipimo cha pili hakijasoma. Maneno matatu ya nesi, kwamba kurudia ni kawaida, hayagharimu shilingi, na ni ajabu yanavyosahaulika.

Kapimwa mke, nyumba nzima ikajipa majibu

Majibu mengi ya Kigoma ni mazuri, na hapo ndipo kosa lingine linapoanza. Mama anarudi nyumbani, anamwambia mume hawakumkuta na kitu. Mume anapokea habari hiyo kama yake: mke wangu mzima, basi na mimi mzima. Watumishi wa afya wanaisikia kauli hiyo kila siku, na si ya walevi wala wajinga. Ina mantiki ya mtaani: tunalala kitanda kimoja, kama ningekuwa nao angekuwa nao.

Mwili haufuati mantiki hiyo. VVU haviambukizi kila tendo, na wanandoa wanaweza kuishi miaka mmoja anavyo na mwenzake hana. Inategemea wingi wa virusi kwenye damu ya mwenye navyo, inategemea kama kuna kaswende au kidonda, inategemea bahati. Kipimo cha mke kinasema habari za mke, za hadi miezi mitatu iliyopita. Habari za mume hakizisemi.

Tena hata kwake mwenyewe kinachakaa. Mwongozo unataka mjamzito aliyekutwa hana VVU apimwe tena kwenye miezi mitatu ya mwisho, na tena anaponyonyesha. Sababu yake ni nzito. Mtu aliyeambukizwa karibuni ana virusi vingi sana kwenye damu, kuliko atakavyokuwa navyo miezi michache baadaye. Mwanamke akiambukizwa akiwa na mimba ya miezi sita, au ananyonyesha, mtoto wake yumo hatarini kuliko wa mama aliyeishi na VVU miaka kumi akiwa kwenye dawa. Na mama wa kwanza ana kadi inayosema hana. Hakuna anayemtazama.

Kwenye vijiji vya ziwani na vya tumbaku jambo hili si la nadharia. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wanakwenda vibarua vya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, wanaondoka msimu wa kupanda wanarudi baada ya mauzo. Wavuvi wanahama mwalo mmoja hadi mwingine wakifuata dagaa. Mke amepima mwezi wa nne, mume amerudi mwezi wa sita. Ni miaka mia sasa watu wa Kigoma wanakwenda kutafuta kazi mbali. Babu zao walikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Huduma ya VVU ya kijijini bado imepangwa kana kwamba kila mtu analala kwake mwaka mzima.

Anayeingia na habari mlangoni

Tufuate sasa upande wa pili, wa yule ambaye vipimo vyote vimekubaliana. Sheria ya 2008 inamtaka aliyepimwa na kukutwa na VVU amjulishe mwenza wake mara moja. Ni agizo lenye akili, ila litazame kutoka jikoni kwake. Wanaopimwa kwa utaratibu wa kudumu ni wanawake, kwa hiyo wanaoipeleka habari nyumbani ni wanawake, na anayeleta habari anageuzwa aliyeleta ugonjwa. Mume hajapima. Hana karatasi. Pengine ndiye aliyekaa miezi minane Kaliua, lakini ushahidi uliopo mezani ni mmoja tu, wa mkewe.

Hesabu anayoipiga mama akiwa kwenye benchi ndiyo hiyo. Anajiuliza akitoka mle ndani na karatasi mbaya atalala wapi. Shamba ni la ukoo wa mume. Michikichi aliyoipalilia na kukamua mawese yake miaka kumi imesimama kwenye ardhi ya baba mkwe. Mahari ililiwa na kaka zake wakaolea. Kurudi kwao na watoto watatu na habari ya aina hiyo ni kumtia mama yake kwenye maneno ya majirani. Dhidi ya hayo yote tunamwekea kitu gani? Faida ya kujua hali yake, faida ambayo haitaonekana leo wala kesho, kwa sababu anajisikia mzima.

Sheria haijamtupa kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali hiyo. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinapokea mwanamke aliyepigwa au kufukuzwa. Lakini uamuzi wa 1983 haujafika kwenye vikao vingi vya ukoo, na dawati liko wilayani, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Mshauri nasaha akimwambia mama "mwambie mumeo" bila kumuuliza kwanza mumeo ana hasira gani, nani wa ukweni anayekusikiliza, na kama ungependa tumwite hapa tumwambie pamoja, hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya hatari.

Serikali ililiona tatizo la wanaume kutopima, ikajaribu kulitibu. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari. Mwaka 2018 ikaja kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga zaidi wanaume. Huku chini, zahanati nyingi zilibuni lao: mjamzito anayekuja na mwenza wake anahudumiwa kwanza. Wazo zuri, matokeo ya kuchekesha na kusikitisha. Mwanamke ambaye mume yuko ziwani, au mwanaume amekana mimba, anasubiri hadi mwisho, au anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba mwenza hayupo. Sasa msichana wa miaka 19 inabidi aende kwa mzee wa kitongoji kueleza habari za mimba yake ndipo apimwe presha. Wengine huona bora wangoje mimba ikue, na wanaanza kiliniki wamechelewa zaidi. Hakuna mahali sheria iliposema huduma ya mama ipatikane kwa barua, na zahanati zinazoendelea na mtindo huo ziuache.

Siri kwenye kijiji kisicho na siri

Maelezo ya unyanyapaa huwa yanazungumzia mioyo ya watu, ubaya wao, maneno yao. Sehemu kubwa ni majengo na ratiba. Kituo kidogo kina siku yake ya CTC, yaani kiliniki ya huduma na dawa kwa wenye VVU, tuseme Jumanne. Ukionekana Jumanne, huna kadi ya mtoto, huna homa, umekaa benchi la upande ule, watu wameshajua. Ndiyo maana utakuta mwanamke anakipita kituo cha kijijini kwake na kupanda boti kwenda kuchukua dawa mwalo wa tatu, ambako hakuna anayemjua. Ofisini atahesabiwa aliyeacha dawa, kumbe anameza kila usiku.

Na kopo lenyewe lina kelele. Vidonge vinacheza ndani yake kila ukitembea, na kila mtu anazijua kelele hizo. Wanawake wanajua dawa yake: wanavihamishia kwenye mfuko wa nailoni, au wanajaza pamba kopo likanyamaza, halafu linazikwa kwenye gunia la unga. Utaratibu wa kumpa mtu ambaye hali yake imetulia dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo ulianzishwa kupunguza msongamano, lakini kwa mwanamke wa kijijini umepunguza Jumanne za kuonekana kutoka 12 kwa mwaka hadi nne au mbili. Kwa maoni yangu umefanya zaidi ya mabango mengi.

Kuna jambo moja la elimu ambalo kweli halijafika, na si lile la njia za maambukizi. Mwanamke wa miaka 45 leo aliufahamu UKIMWI shuleni miaka ya tisini. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wameripotiwa Kagera mwaka 1983, hadi 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa nao, na mpango wa taifa wa kutoa ARV, dawa za kufubaza VVU, ulianza 2004. Yeye alijifunza katikati ya hapo, zama za mabango ya mafuvu na "UKIMWI unaua", alipowaona watu wakikonda na kuzikwa. Picha hiyo ilikuwa ya kweli wakati ule. Kichwani mwake kupima bado ni kuulizwa kama unataka kujua siku yako ya kufa.

Habari ambayo picha hiyo haina ni hii: mwenye VVU anayemeza dawa kila siku hadi virusi vikawa haviwezi kugundulika kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2011, uliowafuatilia wanandoa ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata kwa wale ambao virusi havigunduliki hazikukuta hata mwenza mmoja aliyeambukizwa na mwenzake wa ndani. Kwa hofu ya mama yule, habari hii ina uzito kuliko orodha yote ya wembe na sindano. Inampa kitu cha kumwambia mume: tukijua, tutalala, tutazaa, hutapata kutoka kwangu. Lakini mara nyingi inasemwa ndani ya chumba cha CTC, kwa mtu ambaye tayari ameshakutwa nao. Anayeogopa kuingia haisikii.

Waliobaki nje ya mlango

Ikiwa mlango mkuu wa kupima ni mimba, basi asiye na mimba hana mlango. Bibi wa miaka 55 aliyeacha kuzaa, mjane aliyerithiwa, mama anayenunua dagaa kwa mkopo kutoka kwa mwenye chombo na kulipa kwa masharti yasiyoandikwa popote, wote hao wanaweza kukaa miaka bila mtu yeyote kuwauliza. Hata wakienda zahanati wakiwa na malaria, baadhi ya vituo siku hizi vinatumia maswali ya kuchuja kabla ya kupima, kwa kuwa vipimo ni vya kununua na mkoa wenye maambukizi machache hauwezi kumpima kila mtu ili kumpata mmoja. Ni busara ya fedha. Tatizo ni kwamba maswali yenyewe yanamtaka mwanamke aliyeolewa aseme mbele ya nesi wa kijiji kama ana mwanaume mwingine, au kama anamshuku mumewe. Atajibu hapana, na karatasi itaandika hana hatari.

Wasichana wamefunguliwa kidogo. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na pia yakaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo cha kujipima kwa kawaida kinatumia majimaji ya kwenye fizi: unapitisha kijiti juu ya fizi ya juu na ya chini, unakitia kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Kuna wanaoshtuka hapo, wakidhani kumbe mate yanaambukiza. Hayaambukizi. Kinachotafutwa ni kingamwili zilezile, ambazo zimo hata kwenye fizi. Mstari wa pili ukitokea hautoshi. Lazima uende kituoni upimwe damu, kwa sababu ya ile hesabu ya 17 na 27. Na mwenye kutumia ARV tayari asijipime kwa kijiti hiki, maana dawa zinaweza kukifanya kidanganye.

Mama anaweza kupewa kijiti apeleke kwa mume, na zipo nyumba ambako kimefanya ambacho kampeni hazikufanya, mwanaume akajipima usiku na taa ya simu bila kumwona nesi. Zipo nyingine ambako kijiti mkononi mwa mke kinasikika kama shutuma. Mwenye kujua ni mama mwenyewe. Mtumishi amuulize, asimsukumie.

Njia inayomtoa mama kwenye kazi ya mjumbe ni kupima wawili pamoja na kupewa majibu pamoja, chumba kimoja, sentensi moja. Hakuna anayekwenda kumwambia mwingine. Hilo liko kwenye miongozo ya nchi miaka mingi, na zahanati zinasema wanaume hawaji. Lakini siku ya kiliniki ni asubuhi ya katikati ya wiki, na vijiji vya Ziwa Tanganyika vinavua dagaa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, vyombo vinavutwa ufukweni, wanaume wanashona nyavu na kulala majumbani mwao siku kadhaa mfululizo. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima kabla. Siku mbili za jioni kwa kila mbalamwezi, nesi mmoja, boksi la vipimo, na mlango wa nyuma wa zahanati ukiwa wazi, hazihitaji mradi mpya wala bango. Zinahitaji mganga mfawidhi atakayekubali kubadili zamu, na halmashauri itakayomlipa nesi masaa ya ziada.